Augustino, Askofu wa Hippo, na Injili Nne



Kila mwaka, majuma ya mateso yanapokaribia, Wakristo wengi huzifungua Injili zote nne na kuzisoma pamoja. Ndipo msomaji mwangalifu aanzapo kusita. Mathayo ataja vipofu wawili karibu na Yeriko, na Marko amtaja mmoja. Mathayo aeleza ukoo wa Yusufu kwa kupitia Sulemani mwana wa Daudi, na Luka aueleza kwa kupitia Nathani. Yohana aweka habari ya kuwafukuza wafanya biashara hekaluni mwanzoni mwa kitabu chake, na wengine watatu waiweka karibu na mwisho. Wako wafungao kitabu kwa hofu, wakidhani ya kuwa kuuliza ni dhambi. Wako na wengine wachekao, wakisema kwamba mashahidi wasiopatana hawafai kusadikiwa.

Swali hili si geni katika Kanisa. Zaidi ya miaka 1,600 iliyopita lilikuwa miongoni mwa mambo yaliyompoteza kijana mmoja wa Afrika, akaliacha Kanisa la mama yake. Baadaye mtu huyo huyo, alipokuwa mchungaji, alilijibu kwa kazi kubwa. Huyo ndiye Augustino, ambaye nataka kuwasimulia habari zake.

Utoto na ujana wake

Augustino alizaliwa tarehe 13 Novemba mwaka 354 katika Thagaste, mji mdogo wa Afrika ya Kaskazini uliokuwa chini ya dola ya Roma. Mahali pale leo huitwa Souk Ahras, katika nchi ya Algeria. Baba yake, Patricius, alikuwa mtu wa cheo kidogo na mali chache, wala hakumwamini Kristo ila karibu na mwisho wa maisha yake. Mama yake, Monika, alimcha Mungu, akamfundisha mwanawe jina la Yesu tangu utoto; lakini hakumbatiza, kwa kuwa desturi ya wengi siku zile ilikuwa kukawiza ubatizo.

Mtoto alikuwa mwenye akili nyingi. Lugha ya Kilatini aliipenda sana, bali Kiyunani alikichukia kwa sababu ya ukali wa walimu, wala hakukijua vema kamwe kama alivyokijua Kilatini. Akasoma katika mji wa Madaura, kisha akaenda Karthago, mji mkubwa wa pwani, kujifunza ufasaha wa kunena, maana hiyo ndiyo iliyokuwa njia ya kupata vyeo. Huko Karthago akakaa na mwanamke pasipo ndoa, akazaa naye mwana, akamwita Adeodatus, maana yake aliyetolewa na Mungu.

Alipokuwa katika mwaka wa 19 wa umri wake alisoma kitabu cha Cicero kiitwacho Hortensius, kiwavutacho watu kuipenda hekima. Moyo wake ukawaka. Akaitwaa Biblia, atafute hekima ndani yake. Lakini tafsiri ya Kilatini ya siku zile ilikuwa ya maneno ya kawaida, naye alizoea ufasaha wa Cicero, akaiona kuwa duni, akaiweka chini. Baada ya miaka mingi, alipohubiri juu ya zile nasaba mbili za Bwana, aliwaungamia washarika wake neno hili: ya kwamba yeye mwenyewe alidanganyika ujanani, kwa kuwa aliyaendea Maandiko Matakatifu akiwa na ukali wa kubishana, asiwe na moyo wa kutafuta kwa unyenyekevu, hata akajifungia mlango ambao angepaswa kuubisha. Angalieni, ndugu, askofu huyu hakuona haya kuwaambia watu wake kwamba shaka yao alikuwa akiijua kwa kuionja.

Miaka tisa ya kupotea

Katika Karthago walikuwako wafuasi wa Mani, mtu aliyezaliwa mwaka 216 katika nchi ya Babeli, akafa katika gereza la mfalme wa Uajemi. Mani alifundisha ya kuwa kuna falme mbili tangu milele, ufalme wa nuru na ufalme wa giza, zipiganazo katika ulimwengu na ndani ya mwili wa kila mtu. Wafuasi wake walilitaja jina la Kristo, lakini Agano la Kale walilikataa, na katika Agano Jipya walichagua yaliyowapendeza. Kila walipoonyeshwa neno lisilopatana na mafundisho yao, walisema kwamba liliongezwa na watu waovu. Tena walijisifu ya kuwa wao hawamtaki mtu aamini kitu kabla hakijathibitishwa kwa akili. Maneno hayo yalimvuta kijana mwenye kiburi cha elimu. Akawafuata kwa muda wa miaka tisa, na mama yake akamlilia Mungu kwa ajili yake usiku na mchana.

Mwalimu wao mkuu katika Afrika alikuwa Faustus, mtu wa Mileve. Huyu Faustus alifundisha ya kuwa Mathayo na Luka hawapatani katika nasaba ya Yesu, na kwa hiyo yeye hataki kumfuata yeyote wa hao wawili, bali atawafuata Marko na Yohana, ambao hawakuandika habari za kuzaliwa kwake. Msomaji ataona shabaha ya maneno hayo. Haikuwa hesabu ya majina tu. Faustus hakutaka Mwana wa Mungu azaliwe na mwanamke na kuuvaa mwili wetu. Kwa hiyo alifurahi kuona nasaba zikitofautiana, apate sababu ya kuzitupa zote mbili.

Augustino alikuwa na maswali mengi yasiyojibiwa, nao wenzake walimwambia angoje, Faustus akija atamweleza yote. Mwaka 383 Faustus akaja Karthago. Augustino akamwona kuwa mtu mpole, mwenye ulimi mtamu, lakini elimu yake ilikuwa chache. Naye alipoulizwa mambo magumu alikiri waziwazi kwamba hayajui. Augustino alimheshimu kwa kukiri kwake, lakini tumaini lake katika mafundisho ya Mani likavunjika.

Milano

Mwaka ule ule akasafiri kwenda Roma, na mwaka 384 akapata kazi ya mwalimu wa ufasaha katika Milano, mji aliokaa Kaisari. Askofu wa huko alikuwa Ambrosius. Kwanza Augustino alikwenda kumsikiliza kwa ajili ya uzuri wa maneno yake tu, kama fundi aendavyo kutazama kazi ya fundi mwenzake. Lakini maneno yalipoingia, na maana yake ikaingia pamoja nayo. Akasikia habari za Agano la Kale, ambazo wafuasi wa Mani walizicheka, zikielezwa kwa namna aliyokuwa hajaisikia. Akatambua ya kuwa kwa miaka mingi alikuwa amekibishia kitu ambacho Kanisa halikukifundisha.

Pamoja na hayo hakuwa tayari kuyaacha maisha yake ya kale. Akamrudisha Afrika yule mwanamke aliyekaa naye miaka mingi, ili apate kuoa mke wa heshima. Naye mwenyewe aliandika baadaye jinsi moyo wake ulivyotoka damu siku ile. Mwaka 386, alipokuwa akilia chini ya mtini katika bustani, alisikia sauti kama ya mtoto kutoka nyumba ya jirani, ikirudia-rudia kumwambia achukue na kusoma. Akakifungua kitabu cha nyaraka za Paulo, akasoma katika Waraka kwa Warumi maneno ya kuacha ulevi na uasherati na kumvaa Bwana Yesu. Hapo shaka yake ikakoma.

Usiku wa Pasaka wa mwaka 387 Ambrosius akambatiza, pamoja na mwanawe Adeodatus na rafiki yake Alypius. Katika mwaka huo huo, walipokuwa Ostia wakingoja kurudi Afrika, Monika akafa, mwenye umri wa miaka 56, akiwa ameona kwa macho yake aliyoyaomba. Augustino akarudi Thagaste mwaka 388, na haukupita muda mrefu Adeodatus naye akafa, angali kijana.

Anafanywa mchungaji

Mwaka 391 Augustino alikwenda Hippo, mji wa bandari ambao siku hizi huitwa Annaba. Askofu wa Hippo, mzee Valerius, alikuwa mwenyeji wa lugha ya Kiyunani, hata kuhubiri kwa Kilatini kulikuwa kazi ngumu kwake. Siku moja akawaambia watu ya kuwa anahitaji msaidizi. Watu wakamwona Augustino katikati yao, wakamkamata, wakampeleka mbele ili awekewe mikono. Naye akalia machozi. Wengine wakadhani ya kuwa analia kwa sababu hakupewa uaskofu mara moja. Kumbe alilia kwa kuogopa mzigo.

Jambo la kwanza alilofanya ni kumwandikia Valerius, akimsihi ampe nafasi mpaka Pasaka, ajifunze Maandiko. Mtu huyu alikuwa amefundisha ufasaha Karthago, Roma na Milano. Lakini alipokabidhiwa roho za watu alijiona hana akiba ya kuwalisha. Sisi tuliosoma katika seminari na kuwekewa mikono tungelikumbuka ombi hilo kila tunapoenda mimbarani bila kujitayarisha. Karibu na mwaka 395 akafanywa askofu, akadumu katika kazi hiyo mpaka kufa kwake.

Watu waliozishambulia Injili

Siku zile Kanisa lilikuwa limekwisha kupata nafasi katika dola, lakini wapagani wenye elimu walikuwa wangaliko. Baadhi yao hawakumtukana Yesu. Walimsifu kuwa mtu mwenye hekima kupita wote. Ila walisema ya kuwa wanafunzi wake walimzidishia sifa wakamfanya kuwa Mungu. Wakauliza kwa nini yeye mwenyewe hakuandika kitabu hata kimoja. Kisha wakazitafuta tofauti katika Injili, wakazionyesha mbele za watu. Kabla yao, katika karne ya tatu, mwanafalsafa Porphyrius alikuwa ameandika vitabu vingi juu ya Wakristo, akifanya vivyo hivyo.

Kanisa lingeweza kulikwepa swali hili kwa njia rahisi. Karibu na mwaka 170, Tatianus, mtu wa Shamu, alizifuma Injili nne kuwa habari moja. Kitabu chake kikapendwa sana, kikasomwa katika makanisa ya lugha ya Kisiria kwa miaka mingi, hata katika karne ya tano askofu Theodoret wa Cyrrhus alikusanya nakala zaidi ya 200 katika jimbo lake, akaziondoa, akaziweka Injili nne mahali pake. Eusebius wa Kaisaria alitumia njia nyingine: hakuzichanganya Injili, bali alizigawa katika vifungu vyenye nambari, akatengeneza orodha kumi zinazoonyesha ni kifungu gani kinacholingana na kipi.

Augustino naye hakutaka kuwaondoa mashahidi wanne na kumweka mmoja. Karibu na mwaka 400, alipokuwa akitunga kitabu chake kikubwa juu ya Utatu, alikiweka kando kwa muda, akaandika vitabu vinne juu ya mapatano ya waandishi wa Injili. Katika kitabu cha kwanza aliwajibu wapagani. Juu ya swali la Yesu kutoandika, alisema ya kuwa mitume ni viungo vya mwili ambao Kristo ndiye kichwa chake. Basi, walipoandika aliyowaonyesha na kuwaambia, ilikuwa kana kwamba mkono wake mwenyewe uliandika. Katika kitabu cha pili na cha tatu aliishika Injili ya Mathayo tangu mwanzo hata mwisho, akiilinganisha na zile tatu habari kwa habari. Katika kitabu cha nne akaeleza yale yaliyo ya Marko peke yake, na ya Luka, na ya Yohana.

Jinsi alivyolinganisha

Na tutazame mifano michache, ili tuone alivyofanya kazi.

Juu ya nasaba, Augustino alisema ya kuwa Yusufu aweza kuwa na baba wawili, mmoja aliyemzaa na mmoja aliyemfanya kuwa mwanawe, na kwamba Mathayo alimwandika mmoja na Luka mwingine. Kabla yake Julius Africanus alikuwa ameleta maelezo mengine, ya kuwa Yakobo na Heli walikuwa ndugu wa mama mmoja, na mmoja wao akafa bila mtoto, na mwenziwe akamwoa mjane na kumwinulia ndugu yake mzao, kama torati ilivyoagiza. Wasomaji wetu hawahitaji kufundishwa sana hapa. Katika makabila yetu mengi wazee walijua vema jinsi mtoto awezavyo kuzaliwa na mtu mmoja na kuitwa kwa jina la marehemu mwingine, wala hakuna aliyewaita waongo.

Juu ya akida wa Kapernaumu, Mathayo asema ya kuwa alimwendea Yesu, na Luka asema ya kuwa aliwatuma wazee na rafiki zake. Augustino ajibu ya kuwa desturi ya kunena ndiyo hiyo. Mtu husemwa kuwa amemfikia mkubwa fulani, hali amemfikia kwa vinywa vya wengine. Mathayo alifupisha, Luka alieleza njia yenyewe.

Juu ya dhoruba ziwani, wanafunzi walimwamsha Bwana, na kila mwandishi aandika kilio chao kwa maneno yake. Augustino hakuhangaika kutafuta ni maneno gani hasa yaliyotamkwa. Alisema ya kuwa maana ni moja: walikuwa wakiangamia, nao wakamtaka awaokoe. Vile vile juu ya sauti iliyotoka mbinguni wakati wa ubatizo, ambayo kwa Mathayo yawaambia wasikiao habari za Mwana, na kwa Marko na Luka yamwambia Mwana mwenyewe. Hapa alitoa kanuni iliyo muhimu kuliko mifano yote: kwamba asemaye kweli si lazima ayashike maneno kwa hesabu, maadamu anaishika maana yake, na kwamba mtu hasemi uongo akilieleza jambo lile lile kwa maneno mengine. Na juu ya utaratibu wa matukio alisema ya kuwa kila mwandishi alisimulia kama Mungu alivyomkumbusha, mmoja akitanguliza na mwingine akichelewesha.

Juu ya mahubiri ya mlimani, ambayo Luka ayaweka mahali tambarare, alionyesha njia mbili za kuyapatanisha, asimlazimishe msomaji kufuata moja. Na juu ya vipofu wa Yeriko alisema ya kuwa walikuwa wawili, ila Marko alimtaja Bartimayo peke yake kwa kuwa alijulikana sana.

Mfano mmoja waonyesha uaminifu wake. Mathayo, akieleza vile vipande thelathini vya fedha, ataja jina la nabii Yeremia, hali maneno yenyewe yaonekana katika Zekaria. Augustino alijua ya kuwa ziko nakala zisizo na jina la Yeremia. Angeweza kuzishika hizo na kwenda zake. Hakufanya hivyo. Alisema wazi ya kuwa nakala nyingi, na zile za Kiyunani zilizo za zamani, zina jina hilo. Tena ni rahisi kufahamu kwamba mtu alilifuta ili kuondoa ugumu, bali ni vigumu kufahamu kwa nini mtu angeliongeza. Kisha akaeleza ya kuwa manabii wote walinena kwa Roho mmoja, hata neno la mmoja ni neno la wote. Jibu hilo huenda lisimtosheleze kila mtu, lakini hakuficha ushahidi uliomletea taabu.

Yasiyotosha katika kazi yake

Yatupasa kusema kweli juu ya watu wakubwa pia. Si kila jibu la Augustino lina nguvu sawa. Katika Marko, Bwana awaruhusu wanafunzi kuchukua fimbo. Katika Mathayo na Luka awakataza. Augustino alisema ya kuwa fimbo moja ni ya mkononi, na nyingine ni mfano wa mamlaka. Na wengi waliosoma maelezo hayo wameona ya kuwa yamevutwa kwa nguvu. Tena alidhani ya kuwa Marko alimfuata Mathayo na kufupisha kitabu chake. Wataalamu walio wengi wa siku hizi wahesabu kinyume, ya kuwa Marko aliandika kwanza, na Mathayo na Luka wakatumia kitabu chake. Waliyaona hayo hasa baada ya Johann Jakob Griesbach kuchapa Injili tatu za kwanza bega kwa bega mwaka 1776, watu wapate kuzitazama pamoja. Ingawa Griesbach mwenyewe alishika wazo jingine.

Wengine waliomfuata Augustino walizidisha. Andreas Osiander, mhubiri wa Nürnberg, katika kitabu chake cha mwaka 1537, alizitenga habari zinazofanana kila alipoona tofauti, akazifanya kuwa matukio mbalimbali. Martin Luther, ambaye ujanani alikuwa mtawa wa shirika lenye jina la Augustino, alikuwa na moyo mtulivu zaidi. Alipohubiri juu ya kutakaswa kwa hekalu katika Injili ya Yohana, alikiri ya kuwa maswali ya namna hii yapo na yatabaki, wala yeye hajitii kuyakata. Aliye na imani ya kweli juu ya Kristo hatapotea kwa kutojua jambo hilo lilitendeka mwaka gani.

Na Augustino mwenyewe aliijua mipaka yake. Alimwandikia Hieronymus, mfasiri wa Biblia, kueleza kanuni yake: akikuta katika Maandiko neno lionekanalo kuwa kinyume cha kweli, hufikiri ya kuwa ama nakala ina kosa, ama mfasiri hakulipata, ama yeye mwenyewe hakufahamu. Ndugu, tazameni ya kuwa katika orodha hiyo ameliweka na kosa lake mwenyewe.

Katika ibada ya Hippo

Kuna jambo moja dogo lililotokea katika usharika wake, ambalo mchungaji yeyote atalifahamu. Katika Hippo habari za kufufuka kwa Bwana zilisomwa siku za Pasaka kwa zamu, kutoka Injili zote nne. Lakini habari za mateso zilisomwa siku moja tu, na desturi ilikuwa kusoma za Mathayo peke yake. Augustino akataka watu wasikie mashahidi wote; akaagiza ya kuwa mwaka kwa mwaka mateso yasomwe kutoka Injili nyingine. Ikafanyika hivyo. Watu hawakusikia maneno waliyoyazoea, wakafadhaika, na askofu akarudi katika desturi ya kwanza. Aliyewashinda wafuasi wa Mani na wanafalsafa alishindwa na masikio ya washarika wake. Wala hakuwakasirikia, aliwasimulia mambo hayo kwa upole katika mahubiri yake.

Katika siku zile zile Johannes Chrysostomus, mhubiri wa Antiokia, aliwafundisha watu wake neno linalofaa kuwekwa karibu na kazi ya Augustino. Alisema ya kuwa, kama waandishi wanne wangelipatana katika kila saa na kila neno, adui wangelisema kwamba walikutana wakatunga shauri pamoja. Bali tofauti zao katika mambo madogo zawaondolea shuhuda hizo tuhuma. Wazee wa baraza katika nchi yetu watalikubali neno hilo. Mashahidi wanne wakija na maneno yale yale, neno kwa neno, mzee mwenye busara huuliza ni nani aliyewafundisha.

Mwisho wake

Mwaka 410 mji wa Roma uliingiwa na Wagothi na kutekwa nyara, na tangu mwaka 413 hata 426 Augustino aliandika kitabu chake juu ya Mji wa Mungu. Kisha, katika uzee wake, alivipitia vitabu vyake vyote kimoja kimoja, akiandika mahali alipokosea au aliposema isivyofaa. Ni wachache walioandika vingi kama yeye. Na ni wachache zaidi waliojihukumu hadharani namna hiyo.

Mwaka 429 Wavandali walivuka bahari kutoka Hispania, wakaiharibu nchi, na mwaka 430 wakauzingira Hippo. Katika mwezi wa tatu wa mazingiwa Augustino akashikwa na homa. Rafiki yake Possidius, aliyeandika maisha yake, atuambia ya kuwa aliagiza zaburi za toba za Daudi ziandikwe na kubandikwa ukutani, akazisoma kitandani akilia machozi. Siku kama kumi za mwisho aliomba asiingiliwe na mtu, ila waganga na wale waliomletea chakula, apate kusali. Akafa tarehe 28 Agosti mwaka 430, mwenye umri wa miaka 75. Hakuandika wasia, kwa kuwa hakuwa na mali. Aliagiza tu vitabu vya kanisa vitunzwe. Mji ukateketezwa baadaye, lakini vitabu viliokoka.

Wapenzi, mtu aliyeiweka Biblia chini ujanani alikufa akiisoma ukutani. Kati ya siku hizo mbili alizilinganisha Injili nne mstari kwa mstari, asiogope tofauti zake wala kuzificha. Basi mwanafunzi wa ubatizo akikuletea swali juu ya vipofu wa Yeriko, au mtoto wako aliyesoma akikuuliza juu ya nasaba mbili, usimkemee. Fungua vitabu vyote vinne mbele yake, mkae chini, msome pamoja. Pale mnapoona njia, mshukuru. Pale msipoiona, ngojeni kwa saburi. Wote wanne wamshuhudia Bwana mmoja, aliyesulibiwa na kufufuka kwa ajili yetu, na katika hilo hakuna hata mmoja anayemkana mwenzake.